Ukimya wa Papa Juu ya Mkono Wangu

Juzi umeme ulikatika tangu asubuhi, na jirani yangu akatoa pasi yake ya makala, yaani ya mkaa, ili amalize sare za watoto wake. Mimi nilikuwa upande wangu wa ukuta, ninaanua nguo. Harufu ilinifikia kabla sijajua inatoka wapi: pamba yenye unyevu, chuma cha moto, na moshi kidogo wa makala. Watu wengi wakinusa harufu hiyo wanakumbuka Jumapili na nguo za misa. Mimi namkumbuka papa, baba yangu, amepiga magoti kwenye sakafu ya nyumba yetu ya mtaa wa Kikula, anapiga pasi vipande vya shuka vilivyochanwa vyembamba kama mikanda, upande huu na upande ule, kwa uangalifu ambao hata shati lake la Krismasi hakuwahi kulipatia.

Ninyi mliolingana nami umri mnakumbuka jinsi kuta za watu wenye uwezo zilivyopandwa vipande vya chupa kwa juu. Ukuta wa namna hiyo ulikuwa nyuma ya nyumba yetu, na nyuma ya ukuta kulikuwa na mpera ambao matunda yake yalianguka na kuoza bila mtu kuyaokota. Papa alinikataza kuupanda ukuta huo mara ya kwanza, nikaitikia. Akanikuta tena nimeuegemea, nimevua viatu. Hakupiga kelele. Hakuwa mtu wa kelele wala wa maneno mengi. Alifanya kazi Kakontwe, kwenye machimbo ya mawe ya chokaa, na jioni alirudi mweupe tangu nywele mpaka viatu, akiwa amechoka hata kusalimia ilikuwa kazi. Alinitazama tu, akasema, "Mama, nimesema mara mbili. Ya tatu sitasema."

Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi, na mimi nililipenda jina hilo kuliko jina langu la ubatizo.

Ya tatu ilifika wiki hiyohiyo. Mama yangu hakuwapo. Alikwenda Mulungwishi kumuuguza bibi, ambaye miguu ilikuwa imekataa kumbeba. Tantine, dada mdogo wa papa, ndiye aliyekuja kutupikia, na siku ile alikuwa ameinama anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilipanda. Nilifika juu. Nikanyoosha mkono kushika tawi, mguu ukateleza, na kiganja cha mkono wa kulia kikashuka na uzito wangu wote juu ya chupa. Sikusikia uchungu wowote, maumivu yalichelewa. Nilichoona kwanza ni damu inayokimbia kuelekea kiwiko, na cha pili ni kwamba vidole viwili vya mwisho vilibaki vimenyooka nilipotaka kufunga mkono. Nilivituma, havikutii. Vilikuwa kama vidole vya mtu mwingine.

Tantine aliufunga mkono kwa kitenge chake na kunibeba mgongoni mpaka hospitali, mimi binti wa miaka tisa mwenye miguu mirefu iliyokuwa ikiburuza karibu na ardhi. Papa alitufuata huko akiwa bado na vumbi la kazi. Walimzuia mlangoni kwa sababu ya vumbi hilo. Alisimama pale, mweupe kama mtu aliyemwagiwa unga, akautazama mkono wangu, na mdomo wake ukabaki umefungwa. Nikaelewa. Ya tatu sitasema.

Daktari aliyenipasua alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. Aliniambia, "Ndani ya mukono iko kamba zenye kuvuta vidole. Mbili zimekatika. Tutazishona." Nilijiuliza atatumia uzi wa rangi gani, kisha nikalala usingizi usio na ndoto. Nilipoamka mkono ulikuwa umefungwa mpaka karibu na kiwiko, na plasta ngumu nyuma yake, vidole vimekunjwa kidogo kama vya mtu anayepokea karanga.

Siku ya kutoka, muuguzi aliyesimamia wadi yetu, mwanamke mnene ambaye miwani yake ilifungwa kwa kamba ya viatu, alimvuta papa kwenye ujia na kuzungumza naye muda mrefu. Sisi watoto tulimwita mama Infirmière, tukimwogopa. Kutoka kitandani niliwaona tu: yeye anaonyesha kidole, papa ameinamisha kichwa na anahesabu kwenye vidole vyake, kama mtoto anayekariri katekisimu. Niliamini kwamba anakaripiwa kwa ajili ya utundu wangu. Niliona aibu kwa niaba yake, na nikaongeza aibu hiyo juu ya kosa langu.

Nyumbani zikaanza zile jioni za kidonda. Kila baada ya siku moja, papa aliporudi kutoka kazini, tantine alikuwa ameshachemsha maji kwenye mbabula, jiko letu la makala, na kuyaacha yapoe chini ya mfuniko. Papa aliweka kiti changu mlangoni, mahali ambapo mwanga wa jua la jioni uliingia wote. Halafu alianza kunawa. Alinawa kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko, akasugua kucha kwa brashi, akasuuza, akarudia, akasuuza, akarudia tena. Chokaa ilikuwa imeingia kwenye nyufa za ngozi yake miaka mingi, haikutaka kutoka. Alisugua mpaka nyufa nyingine zikatoa damu. Kisha alijifunga kitambaa cha tantine puani na mdomoni, akapiga magoti mbele yangu, na kuanza kufungua bandeji bila kusema neno hata moja.

Fikirini mtoto anayeyaona hayo. Mtu hunawa anapotaka kula, au anapotoka kushika uchafu. Chakula hakikuwapo. Na kitambaa puani watu hujifunga wanapopita penye mzoga. Nilihesabu yote hayo na jibu likawa moja: papa ananichukia, na mkono wangu unamtia kinyaa.

Na bado vidole vyake, vile vilivyobeba mawe tangu alfajiri, vilikuwa vyepesi. Gozi, kile kitambaa chepesi cha hospitali, ilipogandamana na kidonda hakuivuta. Aliidondoshea maji ya chumvi tone kwa tone, akasubiri, akajaribu pembe moja, akasubiri tena. Nilipokunja uso, aliacha. Nilipotulia, aliendelea. Alipaka dawa ya kahawia iliyonukia kama chuma, akaweka gozi mpya ya hospitali, akaizungushia ile mikanda ya shuka iliyochemshwa na kupigwa pasi. Mwisho aliuning'iniza mkono wangu kwa kitenge kwenye msumari wa ukutani, juu ya moyo, kama alivyoagizwa, ili usivimbe. Halafu aliinuka haraka na kutoka nje, nyuma ya nyumba, akakaa huko kitambo. Hata huko kutoka kwake nilikutafsiri. Anakwenda kuvuta hewa safi, nilijiambia.

Wiki ya kwanza ilipita hivyo. Mimi niliyezoea kusema peke yangu na kusema kwa niaba ya wengine nikawa bubu. Tantine alidhani ni maumivu. Nilikuwa ninatafuta njia ya kurudishwa moyoni mwa baba yangu.

Nikaipata, au nilidhani nimeipata. Siku moja tantine alikwenda sokoni, na shati la kazi la papa lilikuwa limetupwa kwenye kona, gumu kwa chokaa kama karatasi ya mfuko wa saruji. Nilitia maji kwenye beseni. Nilitaka arudi alikute jeupe kwa usafi, siyo jeupe kwa vumbi. Nilianza kwa mkono wa kushoto peke yake, lakini shati la mwanamume halifuliki kwa mkono mmoja. Linakukimbia kwenye beseni. Kwa hiyo nililishikilia kwa ncha za vidole vya mkono wenye plasta. Kidogo tu, nilijiambia. Nilipomaliza, bandeji ilikuwa imelowa mpaka ndani, na maji yake yalikuwa mazito kama maziwa.

Niliukalisha mkono karibu na mbabula mpaka bandeji ikakauka kwa nje. Kesho yake, saa ya kidonda ilipofika, nilijifanya nimelala. Nilisikia papa ananawa, anasugua, anasogea kitandani, anasimama. Kisha nikasikia tantine akinong'ona, "Umuache mutoto alale. Utafanya kesho." Akaniacha. Kesho yake tena nililala mapema. Wakati huo mkono ulikuwa tayari unapigapiga kama una moyo wake wenyewe ndani.

Siku ya tatu tantine alinivuta karibu ili anisuke nywele, akasita, akanusa. Alinishika paji la uso. Papa alipoingia getini alimkuta tayari amesimama na kikopo mkononi. "Kaka, mukono ya mutoto inanuka. Tuweke hii unga ya mizizi. Kwetu mama alikuwa anaweka, na vidonda vilipona."

"Hapana," papa alisema. "Munganga wa hospitali alisema, kintu ingine yoyote isiingie."

"Munganga eko hapa? Unamuona? Mutoto anachomeka na homa!"

"Nimesema hapana, dada."

Alinawa, hata siku ile alinawa mara zote tatu, wakati tantine analia kwa hasira. Alifungua bandeji. Niliona macho yake juu ya kitambaa. Kiganja kilikuwa chekundu, kimevimba na kung'aa, na kati ya nyuzi mbili palitoka usaha. Aliifunga upya bila kukaza, akanipakia mbele kwenye kinga yake, baiskeli aliyokuwa akienda nayo kazini, na akakanyaga mpaka hospitali bila kupumzika hata kwenye mwinuko ambapo wanaume wote hushuka na kusukuma. Nilisikia kifua chake kikipanda na kushuka mgongoni mwangu. Sikusikia neno.

Mama Infirmière alikuwa zamu. Alinikalisha mezani, akatoa nyuzi mbili na kukamua. Sitaki kuyaeleza maumivu yale. Alipomaliza aliinua gozi chafu kwenye mwanga, akaisugua kati ya vidole vyake vyenye glavu, na uso wake ukabadilika.

"Papa, hapa iko chokaa. Chokaa na maji. Ilipita wapi?"

Papa aliitazama mikono yake. Aliigeuza, viganja juu, kisha chini. Ilikuwa safi kuliko mikono yoyote niliyowahi kuiona, na kwenye nyufa bado palikuwa na mistari myeupe.

"Njo minye," alisema, yaani ndiye mimi, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni hii mikono. Nasugua, nasugua, haitoke. Nilikuambia, mama Infirmière, siku ile nilikuambia: mikono yangu haifae kwa hii kazi. Nimemuharibia mutoto mukono."

Niligeuka kumtazama. Machozi yalikuwa yanashuka kwenye vumbi la mashavu yake na kuacha njia mbili nyeusi. Sikuwahi kumwona papa analia. Sikujua kwamba baba wana machozi. Na nilikuwa ninajua, peke yangu katika chumba kile, kwamba analilia kosa ambalo si lake.

"Hapana yeye!" nilipiga kelele. "Ni minye! Nilifula shati yake ya kazi. Maji iliingia, nikaficha."

Mama Infirmière alisukuma miwani yake juu. "Weye, na plasta kwa mukono, ukafula shati? Juu ya nini?"

"Juu anisamehe. Alisema mara ya tatu hatasema, na kweli hasemi. Akifungua kidonda hasemi hata neno moja. Anajifunga pua juu nanuka, kisha anatoka nje."

Nilitegemea kofi, au angalau karipio. Badala yake yule mwanamke aliyetutisha wadi nzima alikaa juu ya kiti, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, lakini alikuwa anafuta macho pia.

"Mutoto," alisema, "ni minye nilimukataza. Kidonda ikiwa wazi, batu hawasemi juu yake. Mate inaruka, haionekane, inaingia, kidonda inaoza. Nilimuambia: papa, unawe mara tatu, ufunge pua na kinywa, na usiseme. Batu wote nawaambia vile. Hakuna hata moja anafanya. Huyu baba yako njo wa kwanza."

Nilimtazama papa. Alikuwa amesimama palepale, mdomo wazi, kama mtu aliyeambiwa habari za mtoto wake kutoka nchi ya mbali.

"Ulizani nakukasirikia?" aliniuliza. "Hizi siku zote?"

Niliitikia kwa kichwa. Hakuja kunikumbatia, kwetu baba hawakumbatii ovyo, na tena kidonda kilikuwa wazi. Alikuja karibu tu, akaushika mguu wangu mtupu uliokuwa ukining'inia mezani, akaufunika kwa kiganja chake kikavu, na akaushikilia muda wote mama Infirmière alipokuwa ananifunga.

Walinilaza siku kadhaa, kwa sindano. Daktari aliyenishona alikuja kila asubuhi kuunusa mkono na kuutazama, na asubuhi moja nilimsikia akisema kwamba ikibidi watafungua tena. Haikubidi. Homa ilishuka, uvimbe ukashuka, nikarudishwa nyumbani, na sasa kidonda kilitakiwa kuoshwa kila siku.

Lakini utaratibu wetu ulibadilika. Kabla ya kunawa, papa alikaa kwanza kwenye ngazi ya mlango, karibu na kiti changu, akasema. Haikuwa rahisi kwake. Alitafuta maneno kama mtu anayetafuta sarafu katika mfuko uliotoboka. Alinisimulia jiwe lililokataa kupasuka asubuhi, mwenzake aliyesahau chakula nyumbani, ndege mweusi anayekuja kila saa sita kuiba makombo ya bukari, ugali wetu. Halafu alisema, "Sasa nafunga kinywa," na kujifunga kitambaa. Na mkanda wa mwisho ulipokwisha kufungwa alikishusha kitambaa na kusema, "Nimefungua." Hapo nami nilipewa ruhusa ya kumwambia palipouma.

Nimelea watoto wangu, nimewafunga magoti na vidole visivyo na idadi, na kila mara nimeshindwa kunyamaza. Ninasema pole, ninasema nilikuambia, ninapuliza kidonda kama mama yangu alivyopuliza. Ndipo ninapoelewa ukubwa wa kazi aliyoifanya yule mtu. Mwanamke asiyemjua alimpa amri kwenye ujia wa hospitali, naye aliishika yote, hata ilipomgharimu moyo wa mtoto wake, kwa sababu aliambiwa kwamba kwa njia hiyo mkono utapona. Namshukuru pia yule mama Infirmière aliyeketi na kucheka badala ya kupiga. Namshukuru tantine, ambaye unga wake wa mizizi ulitoka kwenye upendo uleule. Hakukasirika muda mrefu; kesho yake alikuja hospitalini na mapera manne ndani ya sahani, akaapa kwamba aliyaomba getini kwa wenye mpera, kama binadamu.

Siku ya kutoa plasta tulikwenda wawili. Mkono ulitoka mwembamba, wenye magamba, umepauka kama kitu kilichokaa chini ya jiwe. Daktari alinishika kifundo. "Funga vidole. Polepole."

Kidole gumba kilikuja, na viwili vilivyofuata. Cha nne kilitetemeka, kikainama, kikafika. Cha mwisho kilifika nusu ya njia na kusimama. Nilikisukuma kwa nguvu zote za kichwa changu. Kilibaki pale.

"Huyu mudogo labda hatafika kabisa," daktari alisema. "Lakini mukono itafanya kazi yake. Ataandika, atapika, atafula." Alitabasamu kwenye neno hilo la mwisho. Aliandika mazoezi ya kufanya kila siku, akatugeukia.

Papa alikuwa amesimama wima kando ya meza, midomo imebanwa. Mama Infirmière, aliyekuwa anakusanya vipande vya plasta, alimtazama akatikisa kichwa.

"Papa, kidonda imefunga. Unaweza kusema sasa."

Akasema. Si pale, pale alisema asante tu, mara tatu, kwa kila mmoja. Alisema barabarani. Alinipakia mbele ya kinga, na tangu geti la hospitali mpaka Kikula hakunyamaza. Alinionyesha nyumba alizopita akiwa kijana. Aliniambia kwamba baba yake alifanya kazi Koni, kwenye maporomoko yanayozalisha umeme, na kwamba alipokuwa mdogo aliamini kuwa taa zinawaka kwa maji yanayopita ndani ya nyaya. Aliniambia kwamba hawezi kuona damu, tangu zamani, hata kuku wa sikukuu ni mama anayemchinja, na kila alipomaliza kufunga mkono wangu alikwenda nyuma ya nyumba kwa sababu magoti yalikuwa hayamshiki tena. Alicheka alipolisema hilo. Baadaye tukapita watu wawili waliobeba mahindi, na akaniuliza kitu ambacho nadhani alikibeba wiki zote zile.

"Mama. Wakati nilikuwa nafungua ile gozi. Ilikuwa inauma sana?"

Nilifikiri. Niliutazama mkono wangu mwembamba juu ya usukani, kando ya mikono yake miwili.

"Haikuuma," nilisema.

"Unasema bongo, uongo mutupu," papa alisema, akakanyaga kwa nguvu zaidi, kwa maana tulikuwa tumefika kwenye mwinuko.